Yakobo hakuishia sura ya pili

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa mtaa wa Carama. Nilikuzwa Mkatoliki, nilipoolewa nikamfuata bwanangu kwenye kanisa lake la Kipentekoste. Mdogo wangu wa kike, ambaye tulikuwa tunaimba naye kwaya moja, amepata mimba bila ndoa. Wazee wa kanisa wamemtoa kwaya na kumweka nje ya ushirika. Yule kijana aliyempa mimba bado anapiga gitaa la besi kila Jumapili. Bwanangu anasema mdogo wangu asikanyage kwetu, kumpokea ni kushiriki dhambi yake. Mchungaji alihubiri kwamba dhambi zote ni sawa mbele za Mungu, akasoma Yakobo 2:10, kwamba aliyevunja amri moja ni kama amezivunja zote. Mama yangu naye, ambaye bado ni Mkatoliki, anasema kuna dhambi za mauti na dhambi nyepesi, na ya mdogo wangu ni ya mauti. Nani anasema kweli? Ningependa aje akae nasi mpaka ajifungue, lakini chumba cha uani analala yaya, na huyo siwezi kumwambia aondoke kwa sababu hatujamlipa tangu Juni, tulikuwa tunamalizia paa. Nisaidie.*

*Mama mwenye mashaka, Carama*

Mwanangu, barua yako niliisoma Jumanne, nikaiweka, nikairudia Alhamisi. Swali lako ni la dini na nitalijibu kwa dini. Ila kuna sentensi moja pale chini umeipitisha haraka haraka, kama mtu anayemwingiza mgeni kwa mlango wa jikoni ili majirani wasimwone. Mimi nimemwona. Tutafika kwake.

Tuanze na mchungaji. Ana kweli mkononi: hakuna dhambi, hata iwe ndogo vipi, ambayo mtu anaweza kuipeleka mbele za Mungu na kusema hii haihesabiki. Hilo ndilo fundisho la Paulo kwa Warumi, na Mkatoliki, Mwanglikana na Mpentekoste wote wanalikubali. Lakini kusema kila dhambi ni dhambi ni jambo moja, kusema zote zina uzito mmoja ni jambo lingine kabisa. Embe na jiwe vyote vikidondoka vinakwenda chini. Hutakubali nikudondoshee kichwani chochote kati ya hivyo viwili bila kuchagua.

Na ile aya ya Yakobo, je, mchungaji alianza kusoma wapi? Fungua sura ya pili tangu mwanzo. Yakobo anawagombeza Wakristo ambao tajiri akiingia ibadani na pete yake ya dhahabu wanamkimbizia kiti kizuri, na maskini akiingia wanamwambia asimame kule au akae chini. Hapo ndipo anapowaambia kwamba mtu akishika amri zote akajikwaa katika moja, ana hatia. Aya hiyo iliandikwa kuwakemea wanaopendelea watu kanisani! Leo inasomwa kwenye kanisa ambalo binti ametolewa kwaya na mpiga besi amebaki na gitaa lake. Yakobo angekuwa amekaa kwenye viti vya nyuma siku hiyo, sidhani kama angesubiri sadaka ikusanywe.

Aya hiyo imewasumbua wakubwa pia. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alimwandikia mwanazuoni mwenzake Yeronimo mwaka 415 akimwuliza juu yake, maana hakuridhika na watu waliosema kwamba dhambi zote zinalingana. Yeronimo mwenyewe alikuwa ameshampinga mtu wa aina hiyo zaidi ya miaka 20 kabla. Na usidhani ni ubishi wa Wakatoliki peke yao. Katekisimu Kubwa ya Westminster, ambayo wachungaji wa Kiprotestanti waliitunga London miaka ya 1640, inauliza swali lako hili hili na kujibu kwamba hapana, dhambi hazilingani kwa ubaya. Zinazidiana kwa aliyetenda, aliyetendewa, namna ilivyotendwa, hata mahali na wakati. Kwa hiyo ule usemi wa "dhambi zote ni sawa" unaousikia kwenye mahubiri na kwenye basi la kwenda mjini si urithi wa Waprotestanti wa zamani. Kwao umekuja baadaye, nadhani kwa sababu ni mfupi na unaingia vizuri kwenye kipaza sauti.

Yesu mwenyewe alipima. Alimwambia Pilato kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi kubwa zaidi. Aliwaambia watu wa Korazini na Bethsaida kwamba siku ya hukumu Tiro na Sidoni watakuwa na nafuu kuliko wao. Alisema mtumwa aliyejua anachotaka bwana wake asikifanye atapigwa sana, na yule ambaye hakujua atapigwa kidogo. Wakubwa wa dini waliokuwa wanatoa zaka hata ya majani ya mnanaa, aliwaambia wameacha mambo mazito ya sheria, yaani haki, rehema na uaminifu. Mambo mazito! Kama yapo mazito, basi na mepesi yapo.

Najua utaniuliza juu ya Mathayo sura ya tano, ambapo anayemkasirikia ndugu yake anawekwa jirani na muuaji. Pale Yesu anaonyesha mzizi. Hasira na kuua ni mti mmoja. Lakini ukiikata hasira yako ikiwa bado mche, jirani yako anaamka kesho na kuchota maji. Sisi Warundi tusingehitaji kufundishwa hili na mtu. Aprili 30, 1997, kwenye seminari ndogo ya Buta, kule kusini karibu na Bururi, wauaji waliingia alfajiri wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa kutengana. Waliuawa 40, na wamezikwa pale pale. Mtu akitaka kuniambia kwamba lililofanyika alfajiri ile na lililompata mdogo wako ni dhambi za uzito mmoja, sitabishana naye. Nitamwomba nauli tu, twende Buta akalisemee makaburini.

Sasa mama yako. Yeye ana mizani, na mizani yake ni ya kweli, lakini anapima kitu ambacho hakimo mkononi mwake. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti yahitajika mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue wazi kwamba ni zito, na akubali kwa hiari yake yote. Likikosekana moja, si ya mauti. Uzinzi na uasherati vinahesabiwa kuwa mambo mazito, hapo mama yako hajakosea. Je, mdogo wako alikuwa na hiari kiasi gani? Alishinikizwa? Aliahidiwa ndoa? Wewe hujaniandikia, na mama yako hawezi kuyaona kutoka nje. Hayo ni ya binti, Mungu wake, na padri kama akienda kuungama. Na jambo moja mumwambie waziwazi kabla tumbo halijawa kubwa zaidi: mimba si dhambi. Mtoto si dhambi. Tusichanganye kitendo na mtu anayezaliwa.

Mimi nilijifunza mizani hiyo mtaani Buyenzi, nikiwa na miaka tisa, kwenye foleni ya kitubio Jumamosi jioni. Nilikuwa nimeramba sukari. Nilijiandalia dhambi yangu vizuri, nikaisema upesi, nikangoja Salamu Maria tatu niende zangu kucheza. Padri akauliza, "Sukari ilikuwa ya nani?" Nikanyamaza. Ilikuwa ya bibi yetu mzaa baba, haoni, jirani alikuwa amemletea robo kilo ya kuwekea uji, na mimi nilikuwa nikiichota kwenye kopo lake huku akiniuliza ni nani aliye hapo. Padri hakuuliza vijiko vingapi. Malipizi niliyopewa ni kumchotea bibi maji wiki nzima na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba aliyekuwa pale ni mimi. Maji hayakunishinda. Kumwambia ndiko kulikonishinda mpaka Ijumaa.

Nakueleza haya kwa sababu makanisa yetu, mwanangu, yana mizani hata yanaposema hayana. Anayesema dhambi zote ni sawa angalia anamwadhibu nani. Mizani yetu inapima kinachoonekana: tumbo, chupa ya bia mkononi, mtu kutoka chumba kisicho chake asubuhi. Mwaka 2017 hata serikali yetu iliingia humo, ikawapa wote wanaoishi pamoja bila ndoa mpaka mwisho wa mwaka wawe wamefunga ndoa, na harusi za pamoja zikafungwa kwa mafungu. Sisemi ndoa ni mbaya, mimi mwenyewe nimekaa kwenye yangu miaka 31. Nasema sijawahi kuona mtu akitolewa kwaya kwa sababu hajamlipa mfanyakazi wake.

Ndiyo, tumefika kwa yule mgeni wa mlango wa jikoni.

Tangu Juni. Nimehesabu kwa vidole, miezi mitano. Nani anawaamsha wanao, anawaogesha, anachambua ndagala na kuwasha mkaa ili wewe na bwanako mkafike kazini? Na wakati mvua ilipoanza, paa lililokuwa linamkinga nani lilimaliziwa kwa pesa ya nani? Hukuiba kwa nia ya kuiba, najua. Carama nzima inajenga, kila mtu anahamia nyumba haijapigwa plasta, kila mtu ana fundi anayemdai. Lakini fundi ulimlipa, kwa sababu fundi angeshuka na bati lake. Yaya hana bati la kushuka nalo.

Wakatoliki wana orodha ya zamani ya dhambi ambazo Maandiko yanasema zinamlilia Mungu mbinguni: damu ya Habili, dhambi ya Sodoma, kilio cha wanaoonewa, pamoja na mgeni, mjane na yatima, na ujira wa mfanyakazi ulionyimwa. Kumbukumbu la Torati 24 inataka maskini alipwe siku ile ile, kabla ya jua kuzama, kwa sababu anautegemea huo ujira. Na unajua ni nani katika Agano Jipya anayesema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana? Yakobo. Yakobo yule yule, sura ya tano, aya ya nne. Mchungaji wako angeendelea kufungua kurasa mbili angefika.

Bwanako akikutolea 1 Wakorintho 5:11, kwamba Paulo amekataza kula na mwasherati anayejiita ndugu, mpe Biblia asome aya hiyo mpaka mwisho. Waliotajwa humo ni pamoja na wenye tamaa ya mali, watukanaji, walevi na wanyang'anyi. Tukiitumia kwa mdogo wako peke yake, tumemrudishia tajiri kiti chake kizuri. Tukiitumia kwa wote, sijui mezani kwenu Carama atabaki nani kula. Mwambie kwa upole, usiku, watoto wakiwa wamelala. Usimwambie mbele ya yaya.

Na kwa deni la yaya, usitosheke na kuomba msamaha katika sala. Ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, kwetu Burundi na mpaka Kenya, uliwafanya watu watubu hadharani, lakini wengi walikwenda pia kurudisha walichoiba, wengine kwa wenye mali ambao walikuwa hawajui hata kama wameibiwa. Zakayo alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Sikudai mara nne.

Jumamosi hii mwite yaya, akae kwenye kiti, wewe na bwanako mbele yake. Mhesabu miezi pamoja naye, msimhesabie. Mpeni mliyonayo, na iliyobaki iandikwe na tarehe yake. Akiamua kwenda kwao baada ya hapo, ni haki yake, na usimwite hana shukrani. Akibaki, mwulize kama atakubali kulala chumba kimoja na mdogo wako, maana chumba ni chake kwanza. Kisha mpigie mdogo wako simu wewe mwenyewe, usimtume mtoto.