Kurefusha Shokabsoba za Gari Lililoinuliwa

Mwenye pikapu apitaye barabara za murram, zenye makorongo baada ya mvua, mara nyingi hutamani gari lake liwe juu zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Humwendea fundi, naye huongeza jani moja au mawili katika springi za nyuma, gari likapanda sentimita 5 au zaidi. Kazi hiyo si ngumu. Matata huja baadaye, kwa kuwa springi imeinuka lakini shokabsoba imebaki na urefu wake wa zamani.

Shokabsoba ni bomba la mafuta lenye pistoni iliyotobolewa matundu madogo. Springi ichezapo, mafuta hulazimika kupenya matundu hayo kwa shida, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Pasipo chombo hiki gurudumu hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halina breki. Gari likiisha kuinuliwa, shokabsoba husimama ikiwa imekwisha kuvutwa. Gurudumu litumbukiapo shimoni, pistoni hugonga mwisho wake na uzito wa ekseli huning'inia juu ya chombo kisichofanyizwa kwa kazi hiyo. Sikio hung'oka, au bolti hukatika.

Dawa bora ni kununua shokabsoba ndefu zaidi. Asiyeimudu bei yake hutengeneza kirefusho cha chuma, kikaacho kati ya kishikizo cha chini na sikio la shokabsoba. Lakini afahamu kwamba kirefusho hakiongezi mwendo wa pistoni hata kidogo, huuhamisha tu.

Mathalan, shokabsoba iliyosimama wima ina sentimita 33 ikifungwa kabisa na 53 ikivutwa kabisa. Kabla ya gari kuinuliwa ilikuwa na 42, yaani 9 za kufunga na 11 za kuvuta. Mpira ulio chini ya chesisi uliizuia ekseli ikiisha kupanda sentimita 8. Gari likiinuliwa sentimita 5, kirefusho cha 5 huirudisha shokabsoba kwenye 42 zake. Ekseli, hata hivyo, sasa yaweza kupanda 13 kabla ya kuufikia mpira ule, hali pistoni ina 9 tu. Kishindo kikubwa kitapinda fimbo yake au kuipasua. Kwa hiyo mpira nao hapana budi uteremshwe sentimita 5, kwa kipande cha chuma kilichofungwa imara. Mafundi wengi huliacha jambo hili, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Wengine huchukua vibao viwili vya chuma, wakavitoboa tundu moja kila mwisho na kuvifunga kwa bolti moja juu na moja chini. Hicho si kirefusho, ni bawaba: shokabsoba ikisukumwa, vibao hujikunja kama goti. Yafaa vibao hivyo, vyenye unene wa milimita 6, viunganishwe mgongoni kwa kibao cha tatu kilichochomelewa, na sehemu ya chini ikazwe kwa bolti mbili ili isizunguke. Sikio likae katikati ya vibao, bolti yake ishikwe pande zote mbili. Bolti iwe ya unene ule ule wa kiwandani, yenye alama ya 8.8 kichwani. Wakati wa kuchomelea, shokabsoba iondolewe kabisa, maana mafuta na gesi iliyoshindiliwa ndani huweza kulipuka.

Kabla ya kukata chuma, chesisi huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, ekseli ikaning'inia. Hapo ndipo hupimwa umbali kutoka kishikizo hadi kishikizo, na bomba la mpira la breki huangaliwa lisivutike. Bolti za masikio zisikazwe kabisa mpaka gari litue chini kwa uzito wake, la sivyo bushi hukaa zimesokotwa na kupasuka upesi. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya zikazwe tena, na mchomeleo uchunguzwe kama una ufa.