Kope Zinazochoma Jicho: Kibano Hakitoshi

Katika nyumba zetu wako wazee ambao macho yao ni mekundu, yanatoka machozi, na kila baada ya siku chache humwita mjukuu awachomolee kope kwa kibano. Ndugu msomaji, huo si uzee wa kuvumiliwa. Ni maradhi, na yana tiba.

Sababu kubwa ni mbili. Kwanza ni umri: kifuniko cha chini cha jicho hulegea, ukingo wake ukageukia ndani. Pili ni vikope (trakoma), maambukizi ya kurudiarudia tangu utotoni, yanayoacha makovu ndani ya kifuniko cha juu na kukikunja. Wilayani Kongwa, Dodoma, ugonjwa huu umechunguzwa tangu miaka ya 1980. Kwa vyovyote, kope husugua kioo cha jicho kila mzee anapopepesa. Kioo hupata vidonda, kisha kovu jeupe, mwisho upofu.

Kibano hutuliza kwa muda tu. Kope huota tena baada ya wiki chache, na iliyokatikia njiani huchoma zaidi. Upasuaji ndio unaogeuza ukingo utazame nje. Jicho halitolewi. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi kwenye kifuniko, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini nuru iliyokwisha kuharibiwa na kovu hairudishwi na upasuaji huu, basi msingoje. Na kope zikianza kuchoma tena, mzee arudishwe hospitali.

Wengine hukataa kwa kuhofia udhu na sala. Dini yetu ni nyepesi: Suratul Maida, aya ya 6, imemruhusu mgonjwa kutayamamu, na asiyeweza kusujudu huashiria. Namna ya kutwaharika penye jeraha, muulizeni sheikh kabla ya siku ya upasuaji.

Hapa Mafia anzieni Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Mkipewa rufaa ya Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT wana huduma za macho. Nauli ya boti na ya msindikizaji isimzuie mzee. Watoto changianeni, huo ni wema kwa wazazi.

Na ili wajukuu wasipate vikope, waosheni nyuso kila siku, wala familia nzima isifutie uso taulo moja.

Wabillahi tawfiq.