KUTAFUTA CHANZO CHA KELELE KATIKA SPIKA

Spika ni chombo kinachogeuza mkondo wa umeme kuwa sauti. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyowekwa katika uwazi wa sumaku. Mkondo unaobadilika upitapo katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma. Nayo huitikisa koni ya karatasi, na koni huitikisa hewa. Spika haichagui: kila mkondo unaoifikia, uwe wa wimbo au wa hitilafu, huugeuza kuwa sauti. Kwa hiyo mkazi wa Ujiji au Kibirizi anunuaye spika mpya kabla ya kuchunguza aweza kupoteza fedha na kubaki na kelele ileile.

1. Tambua aina ya kelele

(a) Mngurumo mzito usiokoma. Umeme wa majumbani Tanzania hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Daiodi za amplifaya huugeuza kuwa wa mwelekeo mmoja wenye mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita huyasawazisha. Kapasita ikichakaa, mawimbi hayo husikika.

(b) Mlio wa "ti-ti-ti". Simu za mkononi za mfumo wa GSM hutoa mawimbi yao kwa vipindi, hadi mara 217 hivi kwa sekunde. Isogeze simu mbali na nyaya, na mlio utatoweka.

(c) Mipasuko katika redio ya masafa ya kati au mafupi. Mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi mno duniani. Mawimbi ya radi hufika Kigoma hata mvua isiponyesha. Hapo spika haina kosa.

(d) Mtatariko unaofuata muziki. Chanzo ni kitu kinachotikisika: koni iliyochanika, skrubu iliyolegea, au hata vikombe kabatini. Kila kitu kina mtetemo wake wa asili. Sauti yenye mtetemo huohuo hukiamsha. Gusa kila kitu kwa kiganja. Mtatariko ukikoma, umekipata.

2. Gawa mfumo sehemu mbili

Badili jambo moja tu kila mara, kisha sikiliza.

Kwanza, punguza sauti hadi mwisho. Kelele ikitoweka, chanzo kiko kabla ya kidhibiti sauti, yaani katika redio, kicheza muziki au waya wake. Ikibaki, chanzo kiko baada ya hapo.

Pili, zima mtambo, badilishana nyaya za spika ya kulia na ya kushoto, kisha washa. Kelele ikihama upande, amplifaya ndiyo yenye hitilafu. Ikibaki katika spika ileile, kagua spika hiyo na waya wake.

Tatu, kama redio yaweza kutumia betri, chomoa waya wa umeme. Mngurumo ukikoma, ulitoka katika umeme wa nyumba.

3. Tahadhari

Vyombo viwili vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti huweza kuleta mngurumo. Baadhi ya mafundi hukata waya wa ardhi, na kelele hukoma. Jambo hili ni la hatari kubwa. Waya huo ndio unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukikatwa, bodi ya chuma yaweza kumuua mtoto aigusaye. Dawa iliyo salama ni kuchomeka vyombo vyote katika soketi moja. Aidha, usifungue amplifaya nyumbani: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa.

4. Zoezi

Mngurumo unasikika katika spika ya kushoto pekee. Sauti ikipunguzwa hadi mwisho, unabaki. Nyaya za spika zikibadilishwa, unahamia spika ya kulia.

(i) Hitilafu iko sehemu gani?
(ii) Kwa nini kapasita kuu ya umeme, inayolisha pande zote mbili, si ya kushukiwa kwanza?

Mwalimu awatake wanafunzi waandike sababu ya kila hatua kabla ya kutoa jibu.