Siku ya mwisho Gitega kwa kikundi kinachorudi Mabamba

Kwa mtu wa Mabamba, upande wa Tanzania, nje ya nchi ni kwa jirani. Ukivuka kizuizi unaingia Gisuru, unapita Ruyigi, kisha unafika Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa huenda huko tukishamaliza mzunguko na kugawana, na kazi ya kupanga ratiba huniangukia mimi. Siku za katikati hazinipi shida. Siku ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu watu wanataka kuona walichobakiza, kununua zawadi, kula vizuri, na bado jioni wakalale kwao. Nimeona vikundi vikirudi vimenuniana kwa sababu ya siku hiyo moja, ndiyo maana naandika haya.

Cha kwanza ni saa. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Gitega ikiwa saa kumi jioni, Mabamba ni saa kumi na moja. Kwenye kikundi kimoja utakuta simu nyingine zimejibadilisha zenyewe na nyingine zimegoma, na mkikaribia mpaka simu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili ikarukia saa ya huko. Mkikubaliana “saa tisa tuwe kwenye gari,” nusu watafika na nusu watakuwa bado sokoni, na kila mmoja atajiona yuko sahihi. Dawa yake ni mtu mmoja avae saa ya mkononi yenye majira ya Tanzania, na kila tangazo litolewe kwa saa hiyo peke yake. Tena siku ile ya kwenda, mkiwa bado kwenye dirisha la uhamiaji, ulizeni pande zote mbili wanafunga saa ngapi, na kwa saa ya nchi gani. Liandikeni jibu.

Ukishajua saa ya kufunga, hesabu kwa kurudi nyuma. Toa muda wa kikundi kizima kupanga foleni ya uhamiaji na forodha. Watu ishirini si mtu mmoja. Toa mwendo wa kutoka Ruyigi hadi mpakani, toa mwendo wa Gitega hadi Ruyigi, toa chakula cha mchana. Kinachobaki ni asubuhi moja. Mpangaji akiukubali ukweli huo mapema, siku inakuwa na raha. Akiukataa, atawaahidi watu maporomoko ya Karera, chemchemi ya Nile kule Rutovu, makumbusho na soko, kisha siku nzima wataitazama Burundi kupitia dirisha la gari. Karera na Rutovu ziko kusini, nanyi mnarudi mashariki. Wekeni safari ya huko siku nyingine. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ni madogo. Yamalizeni jioni mliyofika.

Asubuhi ya mwisho mimi naipa Gishora, na hapo sibadilishi. Ni kilima kilicho kama kilomita saba kutoka Gitega, chenye boma la nyumba za nyasi la enzi za ufalme. Simulizi la pale linasema Mwami Mwezi Gisabo alilianzisha baada ya kumshinda Ntibirangwa, mtawala aliyemwasi. Ndani kunatunzwa ngoma mbili zenye heshima ya pekee, Ruciteme na Murimirwa. Mtu wa Kibondo anayesikia Kiha kila siku hahitaji mkalimani kuyaelewa majina hayo: moja linahusu kufyeka msitu, jingine kulima. Kwa watu wa jembe kama sisi, maelezo ya mahali pale yanaingia moja kwa moja. Wazee wetu walipotusimulia habari za watware, yaani watawala wa zamani, na ng’ombe wa kifalme katika nchi ya Buha, walikuwa wanazungumzia dunia hiyohiyo, kabla wakoloni hawajaweka mipaka yao.

Wapigaji huingia wakiwa na ngoma vichwani, huku wakipiga na kuimba. Kisha huzipanga nusu duara, ngoma moja ikae katikati, na mmoja mmoja hutoka mbele kuruka na kujigamba. Ngoma zenyewe huchongwa kwenye gogo la mti wanaouita umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng’ombe. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nimeona wazee wa kikundi chetu, watu wasiojali sana matembezi, wakisimama bila kuambiwa.

Kabla ya kufika, mambo mawili yawekwe wazi. La kwanza ni malipo. Onyesho ni la kikundi na hulipiwa kwa kikundi, kwa hiyo mweka hazina apatane bei siku moja kabla, kisha alipe kutoka mfuko wa pamoja. Kuchangishana pale mlangoni kunatia aibu na kunakula muda. La pili linahusu akina mama. Amri ya Rais iliyotolewa Oktoba 2017 inakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Wao wana ngoma zao za kucheza. Waelezeni wanachama wenu mapema, maana mama aliyezoea kupiga ngoma kanisani Kibondo atataka kujaribu, na si vizuri azuiwe mbele ya watu bila kujua sababu. Mimi amri hiyo siipendi na sioni ilichokilinda. Lakini tukiwa wageni tunaifuata.

Kutoka Gishora mnarudi mjini kununua. Ununuzi uje baada ya matembezi, si kabla, kwa sababu mwenye mizigo hawezi kutulia, na gari lililojaa vikapu linahitaji mlinzi. Kila mtu awe ameandika nyumbani orodha ya watu wa kupewa zawadi. Wekeni saa moja na nusu ya soko, basi. Mkipewa saa tatu mtanunua vitu vilevile, ila mtakuwa mmechoka zaidi.

Kuhusu fedha, faranga mlizobadilisha mwanzoni zihesabiwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Kiwango cha benki na kile cha mtaani hutofautiana sana kule, na mtu wa mtaani atakuvutia. Msimfuate; ni hatari kisheria, na mgeni hana wa kumlalamikia. Kubwa zaidi, msirudi na noti za faranga eti za safari ijayo. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za 5,000 na 10,000 zilizotolewa mwaka 2018, ikawapa watu siku kumi tu kuzipeleka benki. Aliyekuwa Mabamba na noti zake kabatini alibaki na karatasi. Faranga zinazobaki nunua sukari, sabuni, chochote cha nyumbani.

Cha kununua? Vikapu, kwanza. Wanavisuka kwa mkono mwepesi, na vile vidogo vyenye mfuniko wa ncha vinapendeza harusini. Tena vinakusaidia kubeba vitu vingine, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hupaswi kuingia nayo. Imvutano, vazi la akina mama wa Kirundi, ni zawadi nzuri kwa bibi harusi. Kahawa nunua iliyokaangwa na kufungwa, yenye jina la mtengenezaji. Mbichi hata kwetu Buhigwe ipo. Ukitaka bei nzuri, salimia kwa Kiha na usiwe na haraka. Muuzaji wa Kirundi atakuelewa, atakuuliza kwenu ni wapi, na mazungumzo hayo hupunguza bei kuliko ubishi.

Kitu kimoja nakataza kabisa: mbegu na vipando. Sisi ni wakulima, tukiona mhogo mzuri au mgomba wenye mkungu mkubwa mkono unawasha. Lakini magonjwa ya mihogo na migomba husafiri ndani ya vipando, na shamba moja likiambukizwa kijiji kizima kinalia njaa. Mtu anayetaka mbegu afuate njia ya wakaguzi wa afya ya mimea, siku nyingine, si kwa kuficha chini ya kiti.

Mpakani, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa hapohapo, bila ushuru wa forodha. Vikapu na kahawa ya Burundi ni mali ya Jumuiya. Vitenge vingi vinavyouzwa kule vimetoka Asia, kwa hiyo jiandae kuvilipia. Risiti zikae pamoja na hati ya kusafiria, si ndani ya begi lililo chini ya mengine. Kila mtu atangaze vyake. Mkijumlisha mizigo ya watu ishirini kwa jina la mmoja, itaonekana biashara, na ni haki ionekane hivyo.

Dereva naye asisahaulike. Mafuta yamekuwa adimu Burundi kwa miaka ya karibuni, foleni za vituo ni za siku, na wako wanaovuka kuja kuyatafuta kwetu Kigoma. Jazeni tangi Kibondo, hesabuni kilomita za kwenda na kurudi, na matembezi ya siku ya mwisho yasiongezwe hata kilima kimoja nje ya hesabu hiyo. Dereva akumbuke pia kwamba kule magari hupita kulia. Nanyi mnaovuka barabara mkiwa na vikapu, angalieni kushoto kwanza.

La mwisho ni kalenda. Jumamosi asubuhi Burundi nzima hutoka kwenye kazi za maendeleo za jamii. Maduka hufungwa, magari husimama, na hali hairudi kawaida mpaka karibu na adhuhuri. Kikundi kinachopanga kurudi Jumamosi kimepoteza asubuhi yake yote kabla hakijaamka. Jumapili nayo soko ni dogo na watu wako kanisani. Mnaopanga safari za mwaka huu, siku ya kurudi iwekeni Jumatano au Alhamisi, na tarehe hiyo ipitishwe kikaoni kabla hamjaanza kuchanga nauli.