Chumba cha Dawa katika Hospitali ya Askari

Mtu akitaja vita, mara twafikiri habari za mizinga na bunduki. Lakini zamani, katika vita vingi, maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi. Watu walilala wamesongamana, wakanywa maji machafu, wakashikwa na homa na kuhara damu. Basi leo tusome habari za wale watunzao dawa za askari, ambao hawatajwi sana katika vitabu vya historia. Tutatwaa mfano wa jeshi la Marekani, kwa kuwa hapo twaweza kuona jinsi kazi ile ilivyoanza karibu bila kitu, ikapangwa kidogo kidogo.

Mwezi wa Aprili 1775 vita vilianza baina ya Uingereza na makoloni yake 13 ya Amerika. Watu wa makoloni walikuwa na shida moja kubwa: dawa zao nyingi zilikuwa zikiletwa na merikebu kutoka Uingereza, na sasa Uingereza ndiyo adui. Dawa zilizokuwamo nchini zilikuwa zimetawanyika, chupa mbili huku, sanduku moja kule. Tarehe 30 Aprili, wakuu wa Massachusetts walimwagiza mtu mmoja wa Boston, jina lake Andrew Craigie, ajuaye kazi ya dawa, azikusanye na kuzitunza, tena azitoe panapohitajiwa.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Julai 1775, Baraza Kuu la makoloni lilifanya sheria ya hospitali kwa jeshi la watu 20,000. Sheria ile ilitaja watu hawa: mkuu mmoja wa hospitali, waganga wapasuaji wanne, mchanganya dawa mmoja, wasaidizi 20, karani mmoja, watunza bohari wawili, na muuguzi mmoja kwa kila wagonjwa kumi. Juu ya wauguzi aliwekwa mama msimamizi. Ikiwa mtu mmoja katika kila kumi wa jeshi lile ameugua, hesabu mwenyewe wagonjwa watakuwa wangapi, na wauguzi watatakiwa wangapi. Na mchanganya dawa ni yule yule mmoja!

Mshahara pia uliandikwa. Mchanganya dawa alipewa dola moja na theluthi kwa siku, sawasawa na mganga mpasuaji. Hapo twaona kwamba kazi yake haikudharauliwa. Muuguzi alipewa dola mbili kwa mwezi mzima. Ukifanya hesabu ya siku 30, utaona kwamba mchanganya dawa alipata mara ishirini ya muuguzi, ijapokuwa muuguzi ndiye aliyekaa usiku kucha karibu na wenye homa ya kuambukiza. Mimi sioni haki katika hesabu ile, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Mkuu ndiye mwenye amri ya kuleta dawa na vitanda na vitu vyote. Mtunza bohari huvipokea na kuvitoa, lakini hatoi kitu ila kwa amri ya mkuu. Karani huandika katika daftari kilichoingia na kilichotoka. Mganga humtazama mgonjwa na kusema dawa gani apewe. Mchanganya dawa hupima, hutwanga na kuchanganya. Mwisho muuguzi humpa mgonjwa. Labda utauliza, kwa nini kijiko kimoja cha dawa kipite katika mikono mingi hivi? Si afadhali mtu mmoja afanye yote, upesi?

Aliyelijibu swali hili vizuri ni John Morgan, tabibu wa Philadelphia. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuchanganya dawa katika hospitali ya mji ule, na mwaka 1765 alianzisha huko shule ya utabibu. Katika siku zile mganga wa Amerika aliandika dawa, akaichanganya, akaiuza mwenyewe. Morgan alifundisha kwamba haifai. Kazi mbili hizi, alisema, kila moja yatosha kumshughulisha mtu maisha yake yote, basi na zitengwe. Tena fikiri: mganga aliyechoka akikosea uzito wa dawa kali, na mwenye kuandika ndiye mwenye kupima, nani atakayeliona kosa? Afyuni kidogo hutuliza maumivu. Ikizidi, mgonjwa hulala asiamke. Kinywani mwake mgonjwa hajui kama amepewa sawasawa.

Mwezi wa Oktoba 1775 Morgan alifanywa mkuu wa hospitali za jeshi, naye akaona taabu tele. Kila kikosi kilikuwa na mganga wake na sanduku lake la dawa. Masanduku yalipokwisha, waganga wa vikosi walimwomba yeye awape katika bohari kuu, naye akataka kwanza hesabu ya vitu walivyokwisha kutumia. Wengine hawakuwa na hesabu yo yote. Ugomvi ukawa mkubwa, na Morgan akaondolewa katika kazi mwezi wa Januari 1777. Mtu anayedai daftari wakati wa dhiki hapendwi. Walakini bila daftari, sanduku la kikosi kimoja lingejaa na la jirani lingekuwa tupu.

Baadaye Andrew Craigie aliwekwa kuwa Mkuu wa Dawa, naye huhesabiwa wa kwanza katika cheo hicho. Kazi yake ilikuwa kupokea dawa, kuzitengeneza, na kuzipeleka hospitalini na jeshini. Katika mji wa Carlisle, Pennsylvania, palikuwa na bohari na nyumba ya kutengenezea dawa, mbali na mapigano. Huko masanduku ya vikosi yalijazwa.

Mfano ulio bora wa mpango ule ni kitabu kidogo sana, cha kurasa 32 tu. Tangu mwisho wa mwaka 1777 palikuwa na hospitali ya askari katika kijiji cha Lititz, Pennsylvania, ndani ya nyumba kubwa ya Wamoravian. Ni kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe katika Tanganyika mwaka 1891. Homa kali iliingia katika nyumba ile, ikaua askari, hata na baadhi ya wanakijiji waliowauguza. Tabibu William Brown aliyekuwa huko alitunga kitabu cha dawa kwa Kilatini, ambacho mwanzo wake una tarehe ya 12 Machi 1778. Kilipigwa chapa Philadelphia mwaka ule ule, nacho ni kitabu cha kwanza cha namna hii katika nchi ile. Katika anwani yake yasemwa wazi kwamba kimetungwa kulingana na uhitaji na umaskini uliopatikana kwa sababu ya vita.

Brown alitenga dawa katika mafungu mawili. Fungu moja ni zile za kutengenezwa katika nyumba kuu ya dawa, kwa sababu zahitaji moto, vyombo vizuri na siku nyingi. Fungu la pili ni zile za kuchanganywa hospitalini kwenyewe, kila zinapotakiwa. Hivyo hospitali ndogo yenye kinu, mizani na chupa chache iliweza kufanya kazi, na dawa ya jina moja ilikuwa na nguvu ile ile po pote ilipochanganywa.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Tarehe 12 Julai 1943, katikati ya vita vikuu vya pili, sheria ya Marekani iliunda kikosi maalumu cha maafisa wa dawa katika jeshi, na mwaka 1947 kikosi hicho kiliingizwa katika kikosi kikubwa zaidi cha idara ya tiba. Siku hizi msimamizi wa chumba cha dawa ni afisa aliyesomea kazi hiyo chuoni. Chini yake wako askari waliofundishwa kupima, kuhesabu na kuandika vibandiko vya chupa. Cheti cha mganga kikifika dirishani, afisa hukisoma kwanza, na akiona shaka humrudia mganga na kumwuliza, hata kama mganga amempita kwa cheo.

Dawa kali, kama mofini iliyo ya jamii ya afyuni, huwekwa mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na kila kidonge kinachotoka huandikwa. Tena, kwa nyakati zilizowekwa, huja afisa mwingine asiye wa chumba kile, akafunguliwa, akazihesabu kwa mikono yake na kulinganisha na daftari. Kidonge kimoja kikipungua, watu wa chumba huulizwa kilikokwenda, na swali halifungwi mpaka jibu limeandikwa.