Kipigo Huua Hata Baada ya Siku Tatu

Tukitaja mauaji katika Mkoa wetu wa Pwani, wengi hukumbuka Kibiti, ambako askari na viongozi wa vijiji waliuawa kwa risasi hadi mwaka 2017. Lakini sisi wauguzi tunaohudumia majeruhi wa Kibaha na Kisarawe, silaha tunazokutana nazo zaidi ni za nyumbani: mchi, panga, fimbo, tofali. Na aliyezishika mara nyingi ni jirani au mume.

Akina mama huletwa wakisema wameanguka. (Hatuwasuti, ila alama za vidole shingoni haziletwi na kuanguka.) Vijana wa kiume huletwa usiku, wamepigwa na kundi. Mmoja alipiga kelele "Mwizi!", wengine wakaja mbio na mawe. Ukiwauliza kilichoibwa, hawajui. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Na Kanuni ya Adhabu haimwachi aliyesaidia kuua, hata kama pigo la mwisho si lake.

Wapigaji wengi husema, "Tulimwacha akitembea." Inawezekana. Damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu: mgonjwa anaongea, anaomba maji, kisha baada ya saa chache analala na haamshiki. Tena nyama za mapaja na mgongo zikipondwa kwa fimbo, sumu yake huingia katika damu na kuziba figo. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, halafu hukatika. Huyo hufa siku ya tatu au ya nne, ingawa mifupa yake yote ni mizima, kwa sababu alikandwa maji ya moto nyumbani badala ya kuletwa kuwekewa maji ya mshipani mapema.

Basi mkimwona aliyepigwa, mwiteni mwenyekiti wa mtaa na polisi. Damu ikitoka, bonyezeni kwa kitambaa safi. Kisu kilichozama msikichomoe. Msimpe pombe. PF3 inahitajika, lakini aliye mahututi aletwe kwanza, fomu ifuate. Naye aliyeruhusiwa kurudi nyumbani asilale peke yake usiku ule: mwamsheni mara kwa mara, mwulizeni jina lake, na mtazameni mkojo. Akitapika, akichanganyikiwa au mkojo ukibadilika rangi, mrudisheni hospitali usiku huohuo.