Korongo Likijaa, Baki Upande Wako
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu mvua, radi na maji wilayani Nzega

Mtoto wa Nzega anaweza kukua hadi akaoa bila kuiona bahari. Maji ya kumzamisha hayahitaji bahari. Lambo la kunyweshea ng'ombe linatosha, shimo la moramu kando ya barabara linatosha, na korongo alilolivuka jana kwa ndala linatosha pia. Kijitabu hiki kinahusu maji hayo, pamoja na radi na upepo vinavyoandamana nayo kati ya Novemba na Aprili.

Madumu elfu kumi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwa mkulima, milimita haisemi mengi, kwa hiyo tuipime kwa dumu. Milimita 1 ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Basi milimita 50 kwenye shamba la eka moja ni lita zipatazo 200,000, yaani madumu 10,000 ya lita 20. Udongo mweusi wa mbugani ukishashiba huziba, na maji yaliyokosa pa kuzama hutafuta bonde. Udongo huohuo unaotunzia mpunga maji kwenye majaruba ndio unaolijaza korongo kabla ugali haujaiva.

Tena si lazima mvua inyeshe ulipo. Inaweza kunyesha vijiji vya juu, nawe umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linawaka, ukasikia mvumo wa maji kabla hujayaona. Hiyo ndiyo tabia ya mito ya msimu kama Manonga.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliyajua haya. Safari za pwani walizifanya kiangazi, na mvua zilipokaribia walirudi kulima. Hata msafiri Mwingereza Speke, alipotoka Kazeh, Tabora ya leo, kuelekea kaskazini mwaka 1858, aliondoka Julai, na Agosti 3 akaliona ziwa alilolipa jina la Victoria. Msafara wenye pembe za ndovu begani ulikubali kungoja mto upungue. Leo mtu mwenye kilo mbili za sukari kwenye bodaboda hakubali.

Kabla ya kuvuka

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kulielesha gari dogo. Sentimita 60 huchukua magari mengi, Noah iliyojaa abiria ikiwamo. Na hapo tunahesabu kwamba barabara bado ipo chini ya maji. Kwenye daraja mfuto, maji huweza kula kingo na kuchimba shimo ambalo huwezi kuliona, kwa kuwa rangi yake ni ileile ya tope.

Dereva atakwambia anaijua njia hiyo. Anaijua ya jana. Wewe abiria shuka, hata kama nauli umeshalipa, na usimwonee haya.

Lambo na shimo la moramu

Vijana wachungaji huoga kwenye malambo mchana wa jua, na hatuwezi kujidanganya kwamba kijitabu kitawazuia wote. Basi wazazi wawaambie angalau haya. Ukingo wa udongo wa mfinyanzi ukilowa huteleza kama sabuni. Kina cha Oktoba sicho cha Januari. Shimo la moramu ni baya zaidi, kwa sababu kuta zake zimesimama wima: unaingia kwa hatua moja, na wakati wa kutoka hakuna pa kukanyaga. Shimo lililoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu ni hivyohivyo, ila lenyewe kuta zake huporomoka.

Mwenzako akizama, usimrukie. Anayezama hukamata chochote, na mara nyingi hukamata shingo ya mwokoaji, wakafa wawili. Mtupie kamba, mnyooshee fimbo ya kuchungia, au mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko vizuri. Dumu hilo humwelesha mtu mzima. Kijiji kinachoacha dumu na kamba kwenye mti ulio jirani na lambo kimefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Radi na kuta za tope

Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Wapo watakaosema radi hutumwa. Hatutabishana nao hapa. Iliyotumwa na isiyotumwa zote hupenda mti mrefu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Kila sekunde 3 ni kama kilometa 1. Ngurumo ikifika kabla ya 30, toka kwenye jaruba, weka jembe chini, achana na ng'ombe na uzio wa waya, uingie kwenye jengo imara au gari lililofungwa madirisha. Toka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Nyumba nayo iangaliwe. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu zaidi ya 40, wengi wao nyumba zikiwaangukia. Tofali bichi lililolowa msingi halitoi onyo refu. Chimba mfereji wa kutoa maji ukutani mapema, pigilia bati misumari badala ya kulikandamiza kwa mawe, na ukuta ukianza kupasuka hamia kwa jirani kungali mchana.

Aliyepigwa radi hana umeme mwilini. Mguse bila hofu. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, utaje kijiji na kitongoji. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha mpulizie pumzi 2 mdomoni huku umembana pua, na urudie. Kwa aliyezama, anza na pumzi 5. Usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Ukichoka, mwingine apokee bila kusimamisha kazi, mpaka apumue au mhudumu wa afya afike.